Uzito umegoma kushuka wiki 9: nilichokikuta nilipopima mafuta ya kupikia

Mama wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika kwa ajili ya yule aliyepungua kilo zake kumi kwa jasho, mzani ukasimama, na sasa ama anakata tamaa ama anataka kuacha kula kabisa. Mimi nilikuwa huyo mtu, kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti. Ni mrefu, msome taratibu.

Nina miaka 39, urefu sentimita 163. Januari nilikuwa na kilo 96. Nilijiwekea kalori 1,700 kwa siku, nikawa naandika kila ninachokula kwenye kauntabuku, na jioni nashuka kituo kimoja kabla ya changu natembea hadi nyumbani. Kufika wiki ya pili ya Juni nilikuwa na 84. Sketi za kazini zilikwenda kwa fundi mara mbili kupunguzwa. Halafu basi. 84.2, 84.0, 84.6, 84.1. Wiki 9 mzani hausogei.

Ushauri haukukosekana: maji ya ndimu asubuhi, tangawizi na mdalasini, usile baada ya saa 12 jioni, kula mlo mmoja. Nilijaribu ndimu, nikaambulia kiungulia. Wengi waliniambia "mwili umezoea", na hilo lina ukweli wake, ila hakuna aliyeniambia umezoea kwa kiasi gani. Nikakaa chini na kalamu.

Kwanza mwili wenyewe. Kuna kanuni ya Mifflin na wenzake ya mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe wanaitumia sana. Chukua uzito kwa kilo zidisha kwa 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa miaka yako mara 5, kisha mwanamke anatoa 161 na mwanaume anajumlisha 5. Unapata kalori ambazo mwili unazitumia ukiwa umelala tu. Kwangu kilo 96 zilitoa 1,623. Kilo 84 zikatoa 1,503. Mimi nashinda nimekaa kazini, kwa hiyo nikazidisha kwa 1.4 kupata matumizi ya siku nzima: kama 2,270 Januari na kama 2,100 Juni. Maana yake ile 1,700 iliyokuwa inanipa upungufu wa kalori 570 kwa siku, sasa ilinipa 400. Mwili mdogo unakula kidogo. Mpango wangu ulikuwa wa mwanamke wa kilo 96, na huyo sikuwa tena.

Lakini 400 bado ni upungufu, nilipaswa kushuka walau polepole. Hapo ndipo nilipoanza kushuku jiko.

Jumapili moja nikaiweka chupa ya mafuta ya lita moja juu ya mizani ya jikoni kabla ya kuunga mchicha. Gramu 938. Nikapika kama ninavyopika siku zote: nikamimina hadi kitunguu kikaogelea, na nyanya zilipoanza kushika chini nikaongeza kidogo. Nikairudisha chupa kwenye mizani. Gramu 852. Gramu 86 zimeingia kwenye mboga ya watu wanne. Kila gramu ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo sufuria ile ilibeba kalori 774 za mafuta peke yake, fungu langu kama 190. Nikafungua kauntabuku. Kila siku, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "mafuta kijiko 1". Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, fungu langu 30. Tofauti ni 160 kwa mlo mmoja. Mchana na usiku ni 320.

Januari nilikuwa nachota kwa kijiko kweli. Nilipoanza kuona matokeo nikajiamini, kijiko kikabaki kwenye droo, na daftari likaendelea kuandika kijiko.

Sasa toeni wenyewe: 400 kutoa 320 inabaki 80. Na karanga za kukaanga ninazonunua kituoni jioni, konzi moja ya gramu 30, ni kama kalori 170. Hizo sikuwa naziandika kabisa, karanga nilizihesabu kama kitu cha kuchezea mdomo. Upungufu wote umeisha hapo. Mwili wangu haukuwa umegoma, nilikuwa naulisha vilevile unavyotumia.

La tatu ni miguu. Simu yangu inahesabu hatua. Februari wastani ulikuwa 8,900 kwa siku, Julai 5,100. Nilianza kupanda bodaboda kutoka kituoni kwa sababu ya uchovu, nikawa namtuma mtoto dukani, nikikaa nimekaa. Mtu anayekula pungufu kwa miezi hupunguza mwendo mdogomdogo bila kujua, na hilo nalo ni sehemu ya hiyo "mwili umezoea".

Nilijiona mwongo, kusema kweli. Kisha nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine: watu 10 waliokuwa na hakika kwamba hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Wakapimwa kwa maji maalumu yanayoonyesha nishati ambayo mwili umetumia. Ikaonekana chakula walichoripoti kilikuwa pungufu kwa 47% kuliko walichokula kweli, na mazoezi waliyaripoti zaidi kwa 51%. Hawakuwa waongo. Macho ya binadamu hayajui kupima mafuta. Nikapumua.

Nilichofanya. Wiki 2 za kwanza sikupunguza kalori hata moja. Lengo lilibaki 1,700, ila kila kitu kikapita kwenye mizani, ambayo niliinunua Kariakoo kwa elfu 18. Ninaomba mtu yeyote aliyekwama asipunguze chakula kabla ya kufanya hili, kwa sababu ukipunguza kwenye namba isiyo ya kweli hujui umepunguza nini. Wiki hizo mbili peke yake nilitoka 84.2 hadi 83.4.

Najua swali linalokuja: sisi tunakula sufuria moja, utapimaje fungu lako? Hivi. Pima sufuria tupu, andika uzito wake kwenye karatasi, bandika ukutani. Wakati wa kupika pima kila kinachoingia chenye kalori: mafuta, nazi, karanga, nyama. Majani na nyanya usihangaike navyo. Chakula kikiiva pima sufuria na vilivyomo, toa uzito wa sufuria. Una jumla ya kalori na jumla ya gramu, ukipakua unapima sahani yako tu. Mfano wa ugali wangu: unga gramu 500 ni kama kalori 1,800. Ulipoiva ulikuwa gramu 1,450, kwa hiyo kila gramu 100 za ugali ni kalori 124. Nilikuwa nakula gramu 350, yaani 434. Ugali wako ukiwa laini zaidi namba itashuka, ukiwa mgumu itapanda, ndiyo maana namba za kwenye programu za simu hazikuhusu sana. Kwa vyakula vyetu lipo jedwali la virutubisho la Tanzania la mwaka 2008, lililotengenezwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard. Hilo ndilo ninalotumia.

Wiki ya tatu ndipo nikarekebisha. Kalori 1,600, siyo 1,200. Ugali kutoka gramu 350 hadi 250. Mafuta vijiko 2 kwa sufuria, vinapimwa. Na protini nikaipandisha hadi kama gramu 100 kwa siku, kwa sababu inashibisha na inalinda misuli wakati unapungua: mayai 2 asubuhi, kikombe cha maharage, konzi ya dagaa wakavu, kipande cha samaki au kuku kama gramu 120, glasi ya maziwa au mtindi. Dagaa msiwadharau, zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, na sokoni hawashindwi na nyama kwa bei. Hatua nikarudisha 8,500, bodaboda nikaiacha.

Leo ni wiki ya 12 tangu nipime ile chupa. Mzani unasoma 80.7, na kiuno kimepungua sentimita 5 kwa futi ya fundi cherehani. Ulizeni, nipo.

kaka_stendi

Mleta uzi umeeleza vizuri ila mnajitesa na mahesabu. Kateni wanga, basi. Mimi niliacha ugali, wali na mkate, wiki ya kwanza tu kilo 4 chini. Nakula nyama, parachichi na mayai mpaka nashiba. Sasa hivi nimekwama mwezi wa pili lakini najua itashuka tu.

Mama wa Tabata

Kaka, sipingi kukata wanga, wapo wanaokaa nao vizuri. Ila zile kilo 4 za wiki ya kwanza nyingi zilikuwa maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu inakaa na maji gramu 3 hivi au zaidi. Akiba ikiisha maji yanatoka. Mafuta ya mwili kilo moja ni kama kalori 7,700, kwa wiki moja hauwezi kuchoma kilo 4.

Na kukwama kwako naona sababu yake inaweza kuwa kwenye sentensi yako mwenyewe, "mpaka nashiba". Parachichi ni kalori 160 kwa gramu 100, na parachichi letu moja kubwa lina gramu 250 hadi 300 za nyama yake. Moja asubuhi, moja usiku, umefika 800 kabla ya nyama. Ni chakula kizuri sana, usikiache. Kipime siku 7 uone, halafu urudi utuambie.

Tumaini2

Dada nimesoma nimelia. Mimi nina kilo 78, nilianza na 90. Niko kwenye kalori 1,000 mwezi wa tatu sasa, nyingine 900. Mzani haushuki. Nasikia baridi hata Dar mchana, nywele zinatoka kwenye kitana, usiku nawaza chapati. Jumamosi nilikula sahani mbili za wali kwa harusi na nikalia chooni. Nipunguze hadi ngapi?

Nesi wa Zamu

Tumaini2, usipunguze tena. Ninafanya kazi wodini, niruhusu niseme kabla mwenye uzi hajajibu. Baridi, nywele kutoka, uchovu: nenda kituo cha afya waangalie wingi wa damu na tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Hedhi ikiwa imevurugika au imekata, waambie. Kwa wote humu: mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanaume 1,500 bila kusimamiwa na mtaalamu. Zipo pia dawa zinazopandisha uzito, kama prednisolone, insulini, sindano za uzazi wa mpango kwa baadhi ya wanawake, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili. Usiache dawa kwa sababu ya mzani, ongea na aliyekuandikia. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, ukipunguza chakula dawa ikabaki ileile sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha, huu mpango si wenu kwa sasa.

Mama wa Tabata

Ahsante sana Nesi.

Tumaini mdogo wangu, hujakosea kitu kwa kula wali wa harusi. Nikuambie jambo moja. Mwaka 1944 hadi 1945 chuo kikuu cha Minnesota kule Marekani, Ancel Keys na wenzake walichukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, wakawalisha kama kalori 1,600 kwa siku kwa miezi 6. Vijana wale walisikia baridi wakati wengine hawasikii. Nywele zilipukutika. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, wengine walivunja masharti wakala hadi wakaumwa kisha wakajichukia. Miguu ilivimba maji, na maji yale yakaficha kilo walizokuwa wanapungua. Walikuwa wanaume, na walipewa kalori nyingi kuliko zako. Unayoyapitia ni mwili wenye njaa unaojitetea.

Inawezekana mambo mawili yanakutokea kwa pamoja: siku 5 unakula 900, siku 2 mwili unakulazimisha ulipe, na maji yanakaa juu ya yote. Kama mimi ningekuwa wewe, baada ya kwenda kituo cha afya ningepanda hadi 1,500 kwa wiki 2, kisha ndiyo nifikirie kushuka tena kidogo. Mzani utaruka kilo moja au mbili siku za mwanzo. Ni maji na chakula kilichomo tumboni. Usiogope, usipime wiki ya kwanza kama itakuumiza.

Kupumzika huku si uzembe. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2017, wanaume 51, kundi moja lilikaa kwenye upungufu mfululizo wiki 16, lingine likawa linapumzika wiki 2 kila baada ya wiki 2. Waliopumzika walipungua kilo 14.1, wa mfululizo 9.1. Tafiti za baadaye hazikuona tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo sikuahidi maajabu. Ila kupumzika hakukumrudisha mtu nyuma, na wewe unahitaji kulala.

Mtoto wa Likoni

Shukran dada. Huku kwetu Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi, jioni viazi karai. Yaani nazi ndiyo chakula chenyewe. Nami nimekwama kilo 101 tangu baada ya Ramadhani. Niache nazi?

Mama wa Tabata

Hapana, usiache, utakaa siku nne kisha urudi kwa hasira. Tui zito ni zaidi ya kalori 200 kwa gramu 100, karibu zote mafuta. Tenga nazi kwa mlo mmoja wa siku. Ukiweka kwenye mbaazi, wali upike mweupe. Na tumia tui la pili, lile jepesi, kwa kuchemshia, tui zito robo kikombe tu mwishoni likupe harufu na ladha. Mahamri yanakaangwa kwenye mafuta mengi, kula moja badala ya matatu na mbaazi uongeze, hizo zina protini. Baada ya Ramadhani wengi tunabaki na mazoea ya futari bila saumu yake, angalia na hapo.

Na jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, ila usisome namba ya siku moja, chukua wastani wa siku 7 ulinganishe na wiki iliyopita. Pilau ya Ijumaa yenye chumvi ilinipandisha kilo 1.6 hadi Jumamosi, Jumanne haikuwepo. Wanawake wiki ya hedhi msilinganishe na wiki nyingine yoyote, linganisheni na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Bi Muscat

Salaam kutoka Oman. Mimi tatizo langu lilikuwa tende na halua kwa kahawa, kila nyumba unayoingia. Tende gramu 100 ni kama kalori 280. Sikuacha, nahesabu tatu naweka kwenye kisahani, basi. Na kutembea kiangazi nje haiwezekani, naenda kutembea ndani ya duka kubwa saa nzima baada ya Magharibi. Uzito uliokuwa umesimama miezi miwili ukaanza kushuka bila kubadilisha kingine.

baba_wawili

Swali kwa mleta uzi. Mke wangu ndiye anapika na hapendi mambo ya mizani, anaona namkosoa. Nifanyeje?

Mama wa Tabata

Shemeji, usimsimamie jikoni, hapo hata mimi ningekasirika. Jumapili kaeni mkubaliane kiasi cha mafuta ya wiki kwa nyumba nzima. Sisi watu wanne tumefika mililita 500 kwa wiki. Nayamimina kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa moja ya maji, na nimechora mistari kwa kalamu ya wino mzito: Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Anayepika anapika anavyojua, chupa ndiyo inayosema. Wiki ya kwanza yetu yaliisha Alhamisi, tukala mboga za kuchemsha siku tatu na hakuna aliyenung'unika sana. Sasa hivi yanabaki. Na umweleze sababu yako kwanza, kabla ya chupa. Mume wangu nilimwonyesha ile hesabu ya gramu 86 na akanyamaza muda mrefu, mama yake ana presha.

Tumaini2

Dada, wiki 3 zimepita. Nilikwenda, damu yangu iko chini, nimepewa vidonge vya kuongeza damu, tezi iko sawa. Nakula 1,500. Wiki ya kwanza nilifika 79.6 nikataka kuacha. Jana asubuhi 77.3, sijaiona namba hiyo tangu nianze. Lakini nilichokuja kusema ni kwamba juzi nilipika chapati za watoto, nikala moja na maharage, nikaandika, nikaenda kulala.

Mama wa Tabata

Nimeisoma mara tatu. Vidonge vya damu usinywe pamoja na chai, chai inazuia madini yasiingie mwilini, acha kama saa moja au mbili. Ile chapati ulipima unga au uliikadiria? Na nywele vipi, bado zinatoka?